Cha Juu: Bei ya Simu na Kompyuta katika Maduka ya Bujumbura

Bei ya simu katika maduka mengi ya Bujumbura hutamkwa, haibandikwi. Iwe kwenye galeri za katikati ya jiji, iwe kwenye vibanda vya Buyenzi na Bwiza, simu zimelazwa ndani ya kabati la vioo, kompyuta zimefunuliwa mezani, na mara nyingi hakuna kikaratasi kinachoonyesha ni faranga ngapi zinatakiwa. Mteja huuliza, muuzaji hujibu, na jibu hilo hutegemea sana ni nani aliyeuliza. Kijana anayetaja aina ya simu, ukubwa wa hifadhi yake na bei aliyotajiwa duka la jirani atapewa bei moja. Mama aliyeshuka kutoka Bubanza au Rumonge kumnunulia mtoto wake simu ya kwanza, akasema anataka "simu nzuri yenye WhatsApp, inayokaa na chaji", atapewa nyingine. Tofauti kati ya bei hizo mbili ndiyo mada ya makala haya.

Muuzaji mzoefu humpima mteja kwa maswali yanayosikika kama ukarimu tu. "Mama, ulizoea kutumia simu gani?" Jibu linamwonyesha kiwango cha ujuzi. "Ni yako au ni ya zawadi?" Anayenunua zawadi hataigundua kasoro yeye mwenyewe, na huyo atakayepewa ataona aibu kulalamika. "Leo unarudi nyumbani au unalala mjini?" Hili ndilo swali zito kuliko yote, kwa kuwa anayepanda basi jioni hiyo hawezi kuzunguka maduka mengine, wala hatarudi kesho na kifaa kibovu mkononi. Kabla bei haijatamkwa, mteja amekwisha kueleza mwenyewe kila kitu kinachohitajika ili apandishiwe.

Nyuma ya maswali hayo kuna mpango wa malipo ambao mteja haujui. Mwenye duka mara nyingi hayupo kaunta. Humwachia kijana wa dukani bei ya chini ambayo kifaa kisiuzwe chini yake, na kinachozidi hapo huwa cha kijana, chote au sehemu yake. Ndicho kinachoitwa cha juu. Pale mshahara unapokuwa mdogo, au usipokuwapo kabisa, kijana huyo hulipa kodi ya chumba na chakula cha nyumbani kwa cha juu. Kumwita mwizi ni rahisi, lakini hakufiki kwenye kiini: tajiri amelitoa pato la mfanyakazi wake mfukoni mwa mteja asiyejua, na kadiri mteja anavyojua kidogo ndivyo mfanyakazi anavyokula vizuri. Mpango wa namna hii hauwezi kutoa bei moja kwa watu wawili.

Huko Kariakoo, Dar es Salaam, kazi hiyo imekuwa na watu wake wanaoitwa mawinga. Winga hana duka wala bidhaa. Humpokea mteja njiani, humpeleka duka analolifahamu, naye huongeza pesa yake juu ya bei ya mwenye mali. Bujumbura inao makomisioneri, waliozoeleka zaidi katika nyumba za kupanga, viwanja na magari, lakini hata kwenye simu na televisheni hupatikana mtu wa kusema, "Njoo, najua pa bei nzuri." Mteja hudhani amepata mwenyeji wa kumtetea, kumbe amemwongeza mtu wa tatu anayekula kwenye bei ileile.

Kupatana bei peke yake si dhambi. Afrika Mashariki nzima hupatana, na wengi huona muuzaji asiyekubali kupunguza hata kidogo ana kiburi. Lakini kupatana kuna sharti lake: pande zote mbili ziwe zinakiona kitu kinachouzwa. Mnunuzi wa mukeke au ndagala kando ya Ziwa Tanganyika huinua samaki, humtazama jicho, humnusa, humlinganisha na wa beseni la pili. Hahitaji shahada yoyote, kwa kuwa amekula samaki huyo tangu utotoni. Wakibishana bei, wanabishana juu ya kitu ambacho wote wawili wanakifahamu. Simu haina jicho la kutazama. Kilichomo ndani yake hakionekani, hakinusiki, na sanduku lake linaweza kuchapishwa upya kwa pesa kidogo. Hapo kupatana hubaki na sura yake ya zamani, ilhali haki iliyokuwa ndani yake imekwisha kutoka.

Mchumi wa Marekani George Akerlof aliliandika jambo hili mwaka 1970, akitumia mfano wa magari yaliyokwisha kutumika. Muuzaji anajua gari lipi ni bovu, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hataki kulipa bei ya gari zima, anatoa bei ya wastani tu. Mwenye gari zima naye, akiona bei hiyo haimlipi, huliondoa sokoni. Mwishowe soko hubaki na magari mabovu. Akerlof alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001 pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz kwa utafiti wa aina hiyo. Mfano wake unaeleza vizuri kinachompata mfanyabiashara mwaminifu wa Bujumbura: akileta betri au chaja ya kweli, anashindana na kopi iliyo nusu ya bei, mbele ya mteja asiyeweza kuzitofautisha. Aliyeleta kitu kizuri ndiye anayeondoka na hasara. Anayedhulumiwa katika soko la namna hii, kwa hiyo, si mteja peke yake.

Ni lazima hata hivyo kutenga ughali wenye sababu na ughali wa kumwonea mtu, kwa sababu vifaa hivi Bujumbura ni ghali hata kwa muuzaji asiye na hila. Burundi haina bahari. Shehena kubwa huteremshwa bandari ya Dar es Salaam na kusafiri kwa barabara zaidi ya kilomita 1,500, nyingi zikiingilia mpaka wa Kobero, au hupitia Kigoma na kuvuka ziwa. Simu na vifaa vidogo huja pia kwa ndege, ndani ya mizigo ya wafanyabiashara wanaokwenda kununua Dubai au Guangzhou. Juu ya nauli kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na tozo za forodha zinazokusanywa na OBR, mamlaka ya mapato. Katika ratiba ya ushuru wa pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia mwaka 2007, kompyuta zimewekwa kwenye kiwango cha sifuri ingawa tozo nyingine hubaki. Kwa hiyo muuzaji anayesema laptopu imepanda "kwa sababu ya ushuru" anapaswa kuulizwa ni ushuru gani.

Linalovuruga hesabu kuliko nauli na kodi ni dola. Februari 2020 Benki Kuu ya Burundi, BRB, ilizifutia leseni ofisi zote za kubadilisha fedha, na ruhusa ikarudishwa mwaka 2022. Mei 2023 benki hiyo ilishusha thamani ya faranga: dola iliyokuwa ikihesabiwa faranga elfu mbili na kitu ikapanda hadi kama 2,800. Bei ya mtaani haikutulia. Kufikia mwaka 2025 dola ya mtaani ilikuwa zaidi ya mara mbili ya dola ya benki. Mfanyabiashara mdogo hapati dola za benki. Hununua za mtaani, na ndizo anazolipia mzigo.

Hesabu ya mfano inaonyesha maana yake. Simu iliyonunuliwa Dubai kwa dola 100, dola ikihesabiwa faranga 2,900, ni faranga 290,000. Dola ikihesabiwa 7,000, simu ileile ni faranga 700,000, kabla ya nauli, kodi na faida. Mteja aliyesikia bei rasmi ya dola redioni atamwona muuzaji wa 800,000 kuwa mnyang'anyi, wakati pengine mtu huyo amepata faida ndogo tu. Mteja mwingine, aliyekwisha kuzoea kusikia kwamba "dola imepanda", ataambiwa 1,200,000 na atalipa bila kuuliza. Bei ya dola inayobadilika wiki hadi wiki imewapa wadanganyifu maelezo yaliyo tayari, maelezo ambayo ni ya kweli nusu, na ya kweli nusu ni magumu kuyapinga kuliko uongo mtupu. Simu iliyokaa kabatini tangu mwaka uliopita, iliyonunuliwa kwa dola ya wakati ule, hupandishwa bei kila dola inapopanda. Wafanyabiashara wana hoja yao hapo, kwamba mzigo unaofuata watauleta kwa dola ya leo, na hoja hiyo ina uzito. Lakini mbona dola ya mtaani ikishuka kidogo, kabati halishuki?

Jambo jingine lilizidisha tatizo. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua. Maelfu ya wafanyabiashara walipoteza mali, na waliobaki walitawanyika: masoko ya Ruvumera, Cotebu na lile ambalo wengi huliita kwa Siyoni, na galeri za mjini. Kabla ya moto, kulinganisha bei kulikuwa kazi ya hatua chache kutoka kibanda hadi kibanda. Baada ya moto, kulinganisha kukawa na nauli, na nyakati za uhaba wa mafuta nauli yenyewe huwa mzigo na basi husubiriwa kwa saa nyingi. Aliyechoka huishia duka la kwanza.

Sasa ni wakati wa kuingia ndani ya vifaa vyenyewe, kwa maana huko ndiko pesa kubwa hupotea. Mtu anaweza kuzidishiwa bei ya kitu halisi, na hilo ni baya. Kuuziwa kitu pungufu kwa jina la kitu kamili ni baya zaidi, na kwa kawaida mambo hayo mawili huja pamoja.

Laptopu iliyotumika Ulaya au Marekani ndiyo mfano ulio wazi. Wazazi wa wanafunzi wa chuo kikuu huambiwa, "Hii ni Core i5," kana kwamba jina hilo linatosha. Prosesa za Core i5 zilianza kuuzwa mwaka 2009, na jina limeendelea kutumika kwa vizazi vingi vinavyotofautiana mno. Siri iko kwenye tarakimu zinazofuata: i5-3320M ni ya kizazi cha tatu, ya mwaka 2012, i5-8250U ni ya kizazi cha nane, ya mwaka 2017. Kati ya hizo mbili kuna pengo la miaka mitano, na pengo hilo lina matokeo ya kila siku. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa masharti ya Microsoft, kwa prosesa za Intel huanzia takriban kizazi cha nane. Mzazi aliyeuza ng'ombe akanunua i5 ya mwaka 2012 kwa bei ya i5 ya juzi amempa mwanawe mashine iliyofungiwa mlango wa Windows 11. Tarakimu zile zinasomeka kwenye skrini kwa muda wa dakika moja, na muuzaji anazijua kwa kichwa. Kukaa kimya kwake ni sehemu ya bei.

Kwenye simu, neno linalotumika sana ni ramu. Simu huandikwa "8GB" kwa herufi kubwa, na kwa herufi ndogo chini yake "4+4". Nne za kwanza ni kumbukumbu halisi. Nne za pili ni sehemu ya hifadhi ya simu iliyokopwa kufanya kazi ya kumbukumbu, na hifadhi ni ya polepole kuliko kumbukumbu halisi. Hakuna uongo katika maandishi, ila muuzaji akitamka "nane" na akanyamaza, amemuuzia mtu nne kwa bei ya nane. Kwa iPhone zilizokwisha kutumika, zinazoletwa kwa wingi kutoka Dubai, kasoro hujificha kwenye betri na vioo vilivyobadilishwa, ingawa simu hizo zina ukurasa wa mipangilio unaoonyesha afya ya betri, na zile mpya zaidi huonyesha pia kama kipuri kimebadilishwa. Ya hatari kuliko zote ni simu iliyofungwa kwa akaunti ya mmiliki wa awali. Huwaka, hung'aa, na haitumiki kamwe.

Kadi za kumbukumbu na flashi zina udanganyifu wa aina yake, kwa kuwa hapo kifaa chenyewe hudanganya. Chipu inayoendesha flashi huandikwa upya iseme kwamba ina gigabaiti 512 wakati ndani mna nane. Kompyuta huiamini. Mtumiaji hunakili picha za arusi, anaona majina ya mafaili yote yapo, na siku ya kuyafungua hayafunguki, kwa sababu kilichozidi uwezo wa kweli hakikuhifadhiwa popote. Njia ya kujua ni kuijaza hadi mwisho na kusoma tena vilivyomo, na kuna programu za bure zinazofanya hivyo. Mwenye duka ambaye hajawahi kujaribu hata moja katika boksi alilonunua anaweza kuwa naye amedanganywa huko alikonunua, bila kujua. Mnyororo wa kutojua huanza mbali, na mteja ndiye pete ya mwisho.

Umeme wa jua unastahili kuzungumzwa kwa urefu zaidi, kwani hauhusu anasa. Nchini Burundi ni kama mtu mmoja tu kati ya kumi aliye na umeme nyumbani, na hata wale wanaotumia umeme wa shirika la Regideso mjini hukatiwa mara kwa mara. Paneli na betri hununuliwa na kaya maskini kwa akiba ya muda mrefu, na hununuliwa ili mtoto asome usiku, kinyozi afanye kazi, zahanati iwe na taa. Hapo ndipo maandishi ya uongo yanapoumiza kuliko popote pengine. Bahati nzuri ni kwamba maumbile hayaandikwi upya kama sanduku. Jua kali la mchana huleta kama wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri hugeuza kama sehemu ya tano ya hizo kuwa umeme. Maana yake, mita moja ya mraba ya paneli hutoa takriban wati 200, na zile bora kabisa huzidi hapo kidogo. Paneli yenye urefu wa mita moja na upana wa nusu mita haiwezi kuwa ya wati 300, hata ikiandikwa hivyo kwa dhahabu. Itatoa mia moja na kidogo. Mtu yeyote mwenye utepe wa fundi cherehani anaweza kuipima papo hapo dukani.

Betri nayo hupimwa kwa mkono. Betri ya risasi ya volti 12 yenye uwezo wa saa-ampea 100 huwa na kilo 25 hadi 30, kwa kuwa uwezo wake umo katika madini. Ikiinuliwa kwa wepesi kwa mkono mmoja kama kikapu cha mboga, uwezo ulioandikwa haumo ndani. Hivyo hivyo kwa pawabenki. Seli moja ya kawaida ya lithiamu, ile ya mviringo yenye umbo la kidole, haizidi saa-miliampea 3,500 na ina uzito unaokaribia gramu 50. Pawabenki ya 20,000 inahitaji seli sita, karibu gramu 300 kabla ya kuhesabu ganda. Iliyo nyepesi kuliko nusu ya hapo ni ganda na taa. Mizani ya duka la vyakula jirani ingeweza kumaliza mabishano mengi yanayoanzia kwenye duka la vifaa.

Upande wa matengenezo una giza zaidi, kwa sababu fundi hupewa kifaa kikiwa kimefungwa na hukirudisha kikiwa kimefungwa. Mafundi wa Buyenzi wana sifa ya haki kwa uhodari wao wa kufufua vilivyotupwa, na wengi wao ni waaminifu. Hata hivyo mteja hana namna ya kujua kama kilichoharibika kilikuwa "IC", yaani chipu, ya umeme au ni uchafu tu kwenye tundu la chaji. Udanganyifu huu hauna nchi. Machi 2019, kampuni ya Marekani ya Office Depot na kampuni ya Support.com iliyoiuzia programu zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 ili kumaliza kesi ya Tume ya Shirikisho ya Biashara. Kwa miaka kadhaa, hadi mwaka 2016, wateja waliokwenda katika maduka hayo walipimiwa kompyuta bure. Mhudumu aliwauliza kwanza maswali manne mepesi, kama vile iwapo kompyuta imekuwa nzito. Mteja akijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, programu ilionyesha kwamba kompyuta ina dalili za virusi, kisha akauziwa matengenezo. Matokeo yalitokana na majibu yake, wala si na kompyuta yake. Kituo kimoja cha televisheni cha Seattle kilipeleka kompyuta mpya kabisa, na baadhi yake zikaambiwa ni gonjwa. Maswali manne ya Marekani na maswali matatu ya kaunta ya Bujumbura yana lengo moja: kutojua kwa mtu kunageuzwa kuwa kipimo cha kiasi atakachotozwa.

Tofauti iko katika kilichofuata. Kule kulikuwa na chombo kilichochunguza, na pesa zililipwa ili wateja warudishiwe. Burundi si kwamba haina sheria. Sheria ya mikataba iliyorithiwa tangu enzi za ukoloni, yenye asili ya amri ya mwaka 1888, humwajibisha muuzaji kwa kasoro iliyofichika na humruhusu mnunuzi kurudisha kitu akidai mapema. Mwaka 2010 nchi ilipata sheria ya ushindani. Ipo BBN, ofisi ya viwango na ubora. Ipo ARCT, inayosimamia mawasiliano. Chama cha watumiaji, ABUCO, kimekuwa kikipaza sauti juu ya bei na uhaba wa bidhaa. Kinachopungua ni njia fupi kati ya mama wa Rumonge na vyombo hivyo. Hakuna mtu atakayefungua kesi kwa ajili ya pawabenki, na anayedhulumu anahesabu juu ya hilo hilo.

Majirani wamejaribu njia za jumla. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012. Tanzania ilifuata Juni 2016, kupitia TCRA, mamlaka yake ya mawasiliano, na kabla ya siku hiyo wananchi walihimizwa kwa miezi kupiga *#06# ili kupata namba ya utambulisho ya simu, IMEI, kisha kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 na kujibiwa simu yao ni ya aina gani. Wengi walizimiwa simu walizonunua kwa nia njema, nao hawakurudishiwa chochote. Hilo ni doa kubwa la hatua ile, maana adhabu ilimwangukia mnunuzi. Faida yake ilikuwa elimu: watu wengi walijifunza kwa miezi michache kwamba simu ina namba inayoweza kuulizwa, na kwamba jibu halitoki kwa muuzaji. *#06# hufanya kazi Bujumbura kama popote duniani. Namba inayotokea kwenye kioo ikitofautiana na ile ya kwenye sanduku, mazungumzo ya bei yaishie hapo.

Kifaa kinachotumika kuwadhulumu watu ndicho hicho hicho kinachoweza kuwakinga. Mtafiti Robert Jensen alionyesha mwaka 2007 kwamba simu za mkononi zilipofika pwani ya Kerala, India, mwishoni mwa miaka ya 1990, wavuvi walianza kuuliza bei za bandari mbalimbali wakiwa bado baharini. Bei za samaki zilizokuwa zikitofautiana mno kati ya soko na soko zikakaribiana, wavuvi wakapata zaidi, na walaji wakalipa pungufu kidogo kuliko awali. Bujumbura ina ndugu Dar es Salaam, Kigoma, Kigali, Nairobi, Uvira. Picha ya sanduku ikitumwa kwa WhatsApp kwa ndugu aliye Kariakoo, bei ya huko hurudi kabla mteja hajamaliza kupatana, na kwa kuongeza nauli na kodi yeye mwenyewe anaweza kukisia bei ya haki. Muuzaji mwema hakasiriki mteja akipiga picha. Anayekataza picha amekwisha kutoa jibu.

Kinga iliyo imara zaidi ni karatasi. Maneno ya kaunta huisha hapo hapo kaunta, lakini kilichoandikwa kwenye faktira kinaweza kupelekwa kwa tajiri wa duka, kwa chama cha watumiaji, hata mahakamani. Faktira nyingi huandikwa "simu 1" au "laptop HP", na faktira ya namna hiyo haina thamani kubwa, kwa kuwa haisemi ni kitu gani kilichoahidiwa. Inayomlinda mnunuzi hutaja jina kamili la modeli, IMEI au namba ya kiwanda, kumbukumbu halisi na hifadhi, kizazi cha prosesa kwa laptopu, wati na vipimo kwa paneli, saa-ampea kwa betri, kama kifaa ni kipya au kimetumika, na garanti ni ya muda gani na inahusu nini. Kuandika hivyo kunachukua dakika tano. Muuzaji anayejua kwamba ramu ni nne hataandika nane kwa mkono wake na kugonga muhuri wa duka juu yake, na mteja asiyejua ramu ni nini hahitaji kujua ili kuomba iandikwe. Ombi hilo hufanywa kabla pesa hazijatoka mkononi, kwa sababu baada ya hapo kalamu ya dukani huwa ngumu kupatikana.